Upwork, Fiverr au LinkedIn: ujenge profaili wapi ukiwa Mwanza?

Mtafsiri wa Nyegezi, mchora nembo wa Kirumba na kijana wa Bukoba anayesafisha majedwali ya takwimu, wote hufika kwenye swali moja: nianzie wapi? Jibu la haraka ni "kote", na ndilo linalowachosha watu. Mtu anaandika maelezo mara moja, anayanakili sehemu tatu, anakaa miezi miwili bila ujumbe hata mmoja, kisha anahitimisha kwamba kazi za mtandaoni ni za watu wenye bahati.

Upwork, Fiverr na LinkedIn ni majukwaa ya mtandaoni ya kupatia kazi na wateja, lakini hayauzi kwa namna moja. Upwork wewe ndiye unayekwenda kubisha hodi kwa mteja. Fiverr ni meza ya sokoni: mteja anapita, anatazama, anaokota. LinkedIn mtu anaweza kukuona mwaka mzima kabla hajakuhitaji. Kwa hiyo profaili nzuri ya jukwaa moja inaweza kuwa mbovu kabisa kwenye jingine, ingawa fundi ni yule yule na kazi ni zile zile.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila jukwaa tutaliuliza mambo sita: mteja anakufikiaje, anasoma nini kwanza, unalipa nini kabla na baada ya kazi, pesa inafikaje na baada ya muda gani, nini huharibika, na nani anafaa kuanzia hapo. Nafasi uliyonayo ya kuandika nayo inatofautiana, na inaamua mengi kuliko watu wanavyodhani:

| | Upwork | Fiverr | LinkedIn |
|---|---|---|---|
| Kichwa | herufi 70 | herufi 80 | herufi 220 |
| Maelezo | herufi 5,000 | herufi 1,200 kwa kila tangazo | herufi 2,600 |
| Makato kwenye kazi | 0 hadi 15% | 20% | hakuna |
| Nani anashika pesa | jukwaa | jukwaa | mnakubaliana wenyewe |

Upwork

*Mteja anakufikiaje.* Anatangaza kazi, mnaomba. Wapo wanaotafuta watu na kuwaalika moja kwa moja, lakini profaili mpya isiyo na historia isitegemee mialiko. Kazi kubwa ya profaili hapa ni kuthibitisha yale uliyoandika kwenye ombi lako: mteja anasoma ombi, anavutiwa, anabofya jina lako, anatazama kama ni kweli.

*Anasoma nini kwanza.* Picha, kichwa, bei ya saa, na mistari miwili au mitatu ya mwanzo ya maelezo. Zile herufi 5,000 zisikudanganye, kwa sababu nyingi zimejificha mpaka mtu abofye kuzifungua. Tazama mwanzo huu, ambao upo kwenye maelfu ya profaili:

"Mimi ni mfanyakazi mwenye bidii na mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nina uzoefu wa tafsiri, uandishi, usanifu na kuingiza data."

Hakuna uongo humo, ila hakuna pa kushika. Sasa mtu yule yule:

"Una dodoso la Kiingereza ambalo mvuvi wa Ukerewe anapaswa kulielewa bila kufafanuliwa? Natafsiri madodoso na fomu za ridhaa za utafiti wa afya kwenda Kiswahili na Kisukuma. Mtu wa pili huyarudisha kwenye Kiingereza ili uone kama maana imebaki."

Utayaandika kwa Kiingereza, ndiyo, lakini mpangilio ni huo: tatizo la mteja, unachomfanyia, na namna anavyoweza kuhakiki. Bidii na uaminifu vitaonekana kwenye maoni ya wateja. Kuvitaja mwenyewe ni kupoteza mstari.

Kama una fani mbili zisizohusiana, usizichanganye kwenye maelezo ya jumla. Upwork inaruhusu profaili mbili za ziada za ubobezi ndani ya akaunti moja, kila moja na kichwa chake, maelezo yake na sampuli zake. Tafsiri ikae kwake, kuingiza data kukae kwake.

*Gharama.* Hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Kuomba kazi kunalipiwa kwa vitu vinavyoitwa Connects, na kimoja ni dola 0.15. Chukua ombi linalodai Connects 12: hiyo ni dola 1.80. Ukituma maombi kumi ya namna hiyo umetumia dola 18. Ukipata kazi moja ya dola 20 na makato yakawa 10%, mkononi una dola 18. Umefanya kazi bure. Kwa hiyo Upwork inadai mtaji kidogo na uchaguzi mkali: omba kazi ambazo njia ya malipo ya mteja imethibitishwa, mteja ameshawahi kuajiri, na kazi inalingana na sampuli uliyonayo tayari. Makato yenyewe yalikuwa 10% kwa wote. Tangu Mei 2025 hubadilika kwa mkataba kati ya 0 na 15%, na unaonyeshwa kiwango kabla hujakubali.

*Malipo.* Kwa kazi ya bei maalumu, yaani bei moja mliyokubaliana kwa kazi nzima, mteja anaweka pesa kwanza, jukwaa linazishika. Ukishawasilisha ana siku 14 za kukagua, na akiidhinisha zinapita siku 5 za usalama ndipo utoe. Kwa kazi ya saa, yaani inayolipwa kwa saa, unawasha programu ya kuhesabu muda, inayopiga picha ya skrini ndani ya kila kipindi cha dakika 10. Pesa za wiki huwa tayari siku kama 10 baada ya wiki kufungwa.

*Nini huharibika.* Umeme. Programu ikizimika, watu huongeza saa kwa mkono baadaye. Unaruhusiwa mteja akikubali, lakini saa hizo haziingii kwenye ulinzi wa malipo, na mteja akizikataa huna pa kukimbilia. Jingine ni kuomba namba ya simu au baruapepe ya mteja kabla ya mkataba: ni kosa la kufungiwa akaunti. Na kazi ndogo uliyoiacha njiani inaingia kwenye asilimia yako ya mafanikio. Aliye chini ya 90% hapati beji ya Top Rated, ambayo jukwaa huwapa wafanyakazi bora, wala haipati haraka baada ya kuteleza.

*Anayefaa.* Mwenye kazi ambazo hakuna mbili zinazofanana: watengeneza programu, wachambuzi wa takwimu, watafsiri wa nyaraka ndefu, wahasibu, wasaidizi wa ofisi kwa mbali. Anayeweza kuandika ombi jipya kila mara, na mwenye uvumilivu wa kukataliwa.

Fiverr

*Mteja anakufikiaje.* Anaandika anachotaka kwenye sehemu ya kutafutia, anapata safu ya picha na bei, anabofya. Huombi kazi. Kwa hiyo profaili yako binafsi ni ya pili. Ya kwanza ni tangazo la huduma, wenyewe wanaliita gigi. Anayeanza anaruhusiwa magigi manne.

*Anasoma nini kwanza.* Picha ya tangazo, ikiwa imepunguzwa hadi ukubwa wa kidole gumba. Vipimo vinavyopendekezwa ni pikseli 1280 kwa 769. Ukiandika aya humo haitasomeka. Maneno manne au matano yanatosha, na yajaribu kwenye simu yako kabla hujapandisha. Baada ya picha huja kichwa, ambacho lazima kianze na "I will", halafu bei ya chini. Maneno matano ya utafutaji unayoruhusiwa kuweka yawe yale anayoandika mnunuzi. Hakuna anayetafuta "mtaalamu bora".

Roho ya tangazo ni vifurushi vitatu. Mtafsiri anaweza kuvipanga hivi: maneno 400 kwa siku 2, dola 15; maneno 1,000 kwa siku 3, dola 35; maneno 2,500 kwa siku 6 pamoja na kupangilia kurasa zifanane na nakala asili, dola 80. Kosa la kawaida ni vifurushi kutofautiana kwa bei tu, au cha tatu kuwa cha kupandisha bei bila kitu kipya. Mnunuzi akikosa sababu ya kupanda anabaki cha chini. Marekebisho yawekee idadi. "Bila kikomo" ni sentensi itakayokurudia saa sita usiku.

*Gharama.* Kuweka tangazo ni bure. Makato ni 20% ya kila unachopata, bila kupungua ukizoeana na mteja. Vifurushi vya hapo juu vinakuachia dola 12, 28 na 64. Tangazo la dola 5, ambalo ndilo bei ya chini kabisa, linakuachia 4, kisha kuna ada ya kuzitoa. Kuanza na dola 5 ili upate maoni kunafanyika, lakini iwe kwa kipande kidogo kweli, kama maneno 100, siyo kazi ya siku nzima.

*Malipo.* Mnunuzi hulipa kabla hujagusa kazi. Ukiwasilisha na akikaa kimya, oda hujifunga yenyewe baada ya siku 3. Pesa ya muuzaji mpya hukaa siku 14 kabla ya kutoka. Ukijumlisha siku za kazi, usitarajie shilingi mkononi kabla ya wiki tatu, hivyo kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza isitegemee hapo.

*Nini huharibika.* Ucheleweshaji na kufuta oda, mambo yanayoshusha alama zako na kukusogeza chini kwenye matokeo ya utafutaji. Mara nyingi chanzo si uvivu bali oda iliyoingia bila maelezo. Dawa yake ipo kwenye mipangilio ya tangazo: weka maswali na uyafanye ya lazima, kwa kuwa saa ya oda haianzi kuhesabu mpaka mnunuzi ayajibu. Uliza faili, lugha, matumizi ya maandishi, na kama ni Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Swali hilo la mwisho linaokoa marekebisho mengi.

Hatari nyingine ni mawasiliano ya nje. Hata kutaja WhatsApp kwenye ujumbe kunaweza kukuletea onyo, na maonyo yakilundikana akaunti inaondoka na kila ulichojenga.

*Anayefaa.* Mwenye huduma inayokatika vipande: nembo, sauti ya tangazo la Kiswahili, kuhariri video ya dakika moja, tafsiri fupi, kuondoa mandharinyuma ya picha. Pia anayechukia kuandika maombi. Asiyefaa ni yule ambaye hawezi kutaja bei mpaka aione kazi, atateseka.

LinkedIn

*Mteja anakufikiaje.* Kwa njia tatu: anakutafuta kwa jina baada ya kuambiwa habari zako, anakukuta kwenye utafutaji, au anasoma ulichoandika. LinkedIn haikuwekwa kuwa soko, ingawa ina sehemu ya kutaja huduma unazotoa ili watu waombe bei.

*Anasoma nini kwanza.* Picha na kichwa cha herufi 220. Wengi wanaacha hapo neno moja la cheo, au "natafuta fursa". Hilo la pili linamwambia mteja kuwa huna kazi. Andika unachofanya, kwa nani, na ulipo: "Mtafsiri na mnukuzi wa mahojiano ya utafiti, Kisukuma na Kiswahili kwenda Kiingereza, Mwanza." Mahali ulipo ni mtaji kwenye jukwaa hili, tofauti na yale mawili. NIMR na TAFIRI, taasisi za utafiti wa magonjwa na wa uvuvi, zina vituo Mwanza. Viwanda vya kuchakata sangara vinauza nje. Hoteli na waendeshaji wa safari wanapeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Wahitaji wa nyaraka, picha, tovuti na takwimu wapo ndani ya mkoa, na wengi wangependa mtu wanayeweza kukutana naye.

Sehemu ya kazi zilizoangaziwa ijaze kwanza kabla ya historia ya shule: sampuli mbili au tatu, moja ikionyesha asili na tafsiri ubavu kwa ubavu.

*Gharama.* Hakuna makato. Gharama ni muda: mtu asiyeandika chochote wala kujibu wengine haonekani. Chapisho moja kwa wiki lenye kitu cha kufundisha linatosha, mfano namna ya kunukuu mahojiano ambamo msemaji anaruka kati ya Kisukuma na Kiswahili.

*Malipo.* Hapa uko peke yako. Hakuna anayeshika pesa katikati, kwa hiyo andikeni mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja kazi, tarehe, idadi ya marekebisho na malipo, kisha chukua nusu mwanzoni. Mteja wa ndani atalipa kwa benki au kwa lipa namba ya simu. Taasisi nyingi zitadai TIN na ankara, na mchakato wao wa kulipa unaweza kuvuka mwezi. Mteja wa nje atatumia benki au ombi la malipo la Payoneer, huduma ya mtandaoni ya kupokea pesa kutoka nje.

*Nini huharibika.* Mteja anayepotea baada ya kupokea faili. Ndiyo maana nusu ya pili ilipwe dhidi ya nakala yenye alama ya maji au kurasa chache, siyo baada ya nakala kamili. Jihadhari pia na "mwajiri" anayekutaka ulipie mafunzo au ununue vifaa kwanza. Kazi halali haianzi kwa wewe kutoa pesa.

*Anayefaa.* Mwenye taaluma inayotambulika na watu wanaoweza kumsemea: mshauri, mtafiti, mhasibu, mhandisi, mpiga picha wa mashirika. Asiye na haraka.

Yanayokwamisha popote uendapo

Majina. Jina kwenye jukwaa, kitambulisho cha NIDA au pasipoti, Payoneer na akaunti ya benki yalingane. Uhakiki ukianza, jina la katikati lililoachwa kwenye benki au herufi iliyopishana linatosha kusimamisha pesa. Rekebisha benki kabla hujafungua akaunti, maana ni rahisi zaidi kuliko kurekebisha ukiwa na dola zilizokwama. Upwork itakuuliza pia fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN. Kwa asiye raia wala mkazi wa Marekani ni kueleza kwamba hivyo ndivyo alivyo. Na usijenge mpango wako juu ya PayPal kwa kupokea. Payoneer kwenda benki ya hapa ndiyo njia ya kawaida kwa Upwork na Fiverr.

Akaunti moja kwa mtu mmoja. Kununua akaunti ya mtu, au ndugu wawili kupokezana akaunti, huishia kwenye uhakiki wa uso ambao hamtaupita. Ukitumia kompyuta ya kafe ya mtandao, hakikisha umetoka kwenye akaunti.

Picha iwe ya uso, mwanga wa dirishani, ukuta wa rangi moja. Mawe ya Bismarck ni mazuri, ila mteja anataka kuona macho yako.

Sampuli kwa asiye na mteja: jitungie. Chukua kipeperushi chochote cha umma, kitafsiri ukurasa mmoja, au chora nembo ya duka la kubuni la dagaa, na useme wazi kuwa ni zoezi. Kuonyesha faili la mteja halisi bila ruhusa yake ni kujichongea, hasa la hospitali au utafiti.

Saa nazo zieleze kwenye profaili. Saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni Mwanza majira yao ya joto, na saa kumi na moja majira ya baridi. London iko nyuma yetu saa mbili au tatu tu. Ukisema unapatikana mpaka saa nne usiku, Mmarekani anajua ana nusu ya siku yake pamoja nawe.

Ukiwa katika hali hii

Huna mtaji wa hata dola 20 na kazi yako inakatika vipande: anza Fiverr, magigi mawili tu, kila moja na huduma moja. Ukiyaona hayatazamwi baada ya wiki kadhaa, badilisha picha kwanza, kisha kichwa, bei iwe ya mwisho.

Una ujuzi wa kina na mtaji wa Connects chache: Upwork, maombi mawili au matatu yaliyoandikwa vizuri kwa wiki badala ya kumi ya kunakili. Kazi ya kwanza iwe ndogo na yenye mwisho unaoonekana.

Una kazi ya mshahara na unataka ziada ya jioni: Fiverr yenye muda mrefu wa kuwasilisha, kwa sababu kazi ya saa ya Upwork itagongana na uchovu wako.

Unafahamiana na watu wa taasisi, hoteli au viwanda vya ukanda wa ziwa: LinkedIn, na uongeze WhatsApp Business yenye katalogi ya huduma na saa za kazi, kwa maana mteja wa hapa akishakuona LinkedIn atataka kuongea huko.

Umeme na bando vinakatika mara kwa mara na huna pa kuhamia: epuka mikataba ya saa kabisa. Chukua bei maalumu, na kila tarehe unayoahidi iongeze siku moja.

Unataka mawili kwa pamoja: Fiverr na LinkedIn yanavumiliana, kwa kuwa moja linakungoja na jingine linakujenga polepole. Upwork na Fiverr kwa mwezi wa kwanza mara nyingi yanagombania muda, na anayeumia ni mteja wa kwanza wa jukwaa mojawapo, ambaye ndiye atakayeandika maoni ya kwanza kwenye profaili yako.